Kabali haipigi hodi

Mwaka 2006 nilikabwa Jangwani, Dar es Salaam, saa mbili kasoro usiku, mkanda wa kahawia wa karate ukiwa ndani ya begi mgongoni. Nilikuwa natoka mazoezini. Mkono ulikuja kwa nyuma, ukapita chini ya kidevu, na kabla sijajua kama ni utani wa rafiki au ni kweli, visigino vyangu havikuwa tena ardhini. Wa pili alikuwa tayari mfukoni. Wa tatu simkumbuki vizuri. Nadhani kazi yake ilikuwa kuangalia barabara. Nilipozinduka nilikuwa nimekaa kwenye majani yenye tope, sina simu, sina pochi, sina viatu. Begi lenye gi, ile sare ya karate, iliyolowa jasho walilitupa hatua chache mbele. Walilipekua nalo, wakaona halina kitu cha kumfaa mtu.

Kisa hiki nimekisimulia kama kichekesho kwa miaka mingi, na watu hucheka hapo kwenye begi. Mimi mwenyewe nilichelewa kukielewa. Nilikuwa nimefanya mazoezi miaka sita, mara tatu kwa wiki. Nilijua kata zangu, ile mifululizo ya mapigo ya kukariri, kama mtoto wa madrasa anavyojua juzuu. Nilikuwa na teke la pembeni ambalo wenzangu walilisifia. Ila katika miaka yote hiyo sita, hakuna siku hata moja ambayo mtu alinishika shingo akiwa na nia ya kunimaliza. Mkono ule wa Jangwani ndio ulikuwa wa kwanza.

Siku hizi nikifungua simu nakutana na vijana wenye vifua vipana wakionyesha jinsi ya kumnyang'anya mtu kisu kwa hatua tatu. Mwenzao ananyoosha kisu cha plastiki, anakiacha hewani kama anayesubiri kupigwa picha, anasokotwa mkono, anaanguka kwa adabu. Chini watu wanaandika: hii kila mtu wa Dar aijue. Mimi naona kinyume. Mbinu zinazomfaa mtu wa Dar ni chache, vidole vya mkono mmoja vinazitosha, na nyingi kati yake hazina ngumi wala teke. Ni za shingo, za miguu na za mdomo. Zilizobaki ni mchezo mzuri, ni afya, ni nidhamu, na nazipenda. Tusiziuze tu kwa jina la usalama.

Anza na mtaa wenyewe. Kibaka wa Dar hapigani. Kupigana kwake ni hasara: kunachukua muda, kunaleta kelele, na kelele mjini hapa inaweza kumuua. Kazi yake ni kuvizia nafasi. Kuna roba ya mbao, ile iliyonipata mimi, ambayo mmoja anakaba, mmoja anasachi, mmoja analinda. Kuna kukwapua: bodaboda inapita karibu na ukingo, mkono unatoka, pochi imekwenda, au daladala imesimama kwenye mataa, umekaa dirishani unachati, simu inakutoka kama imevutwa na upepo. Kuna wachomoaji wa kwenye msongamano, Kariakoo au kwenye mlango wa mwendokasi jioni, ambao ukiwagundua tayari wamekuomba samahani kwa kukukanyaga. Na kuna panga. Mwaka 2022, panya road waliporudi kwenye vichwa vya habari, waliingia majumbani kwa makundi wakiwa na mapanga, na sijui ni kata ipi ya dunia hii ambayo ingemsaidia baba aliyelala na watoto chumba kimoja. Pale dawa ni komeo, filimbi na jirani anayeamka.

Katika hayo yote hakuna hata moja linalofanana na watu wawili waliosimama wakitazamana. Na hicho hasa ndicho tunachofundishwa.

Kwa nini tunafundishwa hivyo? Historia yake ni nzuri. Miaka ya 1970 Mmarekani mweusi, Nantambu Camara Bomani, alifundisha karate ya mtindo wa Goju-ryu pale Shule ya Zanaki, Upanga, na dojo lile, yaani ukumbi wa mazoezi, likaitwa Hekalu la Kujilinda. Jina lenyewe lilikuwa ahadi. Kutoka pale walitoka walimu waliokwenda kufungua madarasa yao sehemu nyingine. Wakati huohuo filamu za Bruce Lee na za Hong Kong zilikuwa zinajaza watu, baadaye zikahamia kwenye vibanda vya video vya uswahilini, na kizazi chetu kikakua kikiamini kwamba mtu mmoja akijua vizuri anaweza kuwapiga kumi, mradi waje mmoja mmoja. Mwalimu wangu mwenyewe alikuwa mtu wa haki na mkali kwa nidhamu. Sina deni naye. Ila darasa letu lilikuwa la watu arobaini kwenye ukumbi mmoja, na njia rahisi ya kuwafundisha watu arobaini ni kuwapanga mistari wapige hewa kwa hesabu. Ichi, ni, san. Hewa haijawahi kumkaba mtu.

Huko Japani kuna mtu aliyelitafakari jambo hili zaidi ya miaka 140 iliyopita. Jigoro Kano alianzisha judo mwaka 1882 jijini Tokyo, ndani ya hekalu la Kibudha, akiwa na mikeka 12. Kabla yake kulikuwa na shule nyingi za jujutsu, mapigano ya kale ya Kijapani, zenye mbinu za kutisha: kutoboa macho, kuvunja vidole, kupiga koo. Kasoro ya mbinu ya kutoboa macho ni kwamba huwezi kuifanyia mazoezi kwa nguvu yako yote. Ukifanya, kesho huna mwenza. Kwa hiyo ilifanywa polepole, kwa makubaliano. Kano aliziweka pembeni zile za hatari, zikabaki kwenye kata, na kwenye mazoezi huria akaacha kuangusha, kubana, kukaba na kukunja kiwiko, vitu ambavyo watu wawili wanaweza kufanyiana kwa nguvu zote kila jioni na kesho wakarudi. Ajabu ni kwamba wanafunzi wake, wenye mbinu zinazoonekana laini, ndio walioiva zaidi. Mtu aliyeangushwa mara elfu na mtu asiyetaka kuanguka anajua kitu ambacho aliyeua hewa mara elfu hakijui.

Mmoja wa watu wa Kano, Mitsuyo Maeda, alifika Brazili mwaka 1914, na kutoka kwake familia ya Gracie ikajifunza na kutengeneza mtindo wao. Novemba 1993, Denver, Marekani, Royce Gracie, mtu wa kilo themanini hivi, aliingia kwenye mashindano ya mitindo yote na kuwashinda watu watatu usiku mmoja. Pambano la mwisho alilimaliza kwa kabali ya nyuma. Mkono uleule wa Jangwani, ila yeye alikuwa na mwamuzi wa kusema basi.

Sasa twende kwenye shingo, maana hapa ndipo ningependa msomaji akae nami.

Kabali ikikaa sawasawa, kiwiko kikiwa katikati ya koo, inabana mishipa ya damu ya pande mbili za shingo. Hewa inaweza kuwa inapita vizuri tu, lakini damu haifiki kichwani, na mtu anazima kwa takriban sekunde 10, wengine chini ya hapo. Kabali ikikaa vibaya, mfupa wa mkono ukawa mbele kwenye koromeo, inauma zaidi, inachelewa kuzimisha, na inaweza kuvunja kitu humo ndani. Wakabaji wetu hawajasomea, kwa hiyo unaweza kupewa zote mbili kwa pamoja. Hesabu yako yote inaanzia kwenye hizo sekunde. Mbili za kwanza utazitumia kushangaa, hilo halikwepeki. Zinabaki chache.

Kitu ambacho kila mtu hufanya, nami nilikifanya, ni kurusha mikono nyuma kutafuta uso wa mkabaji, au kupiga viwiko tumboni kwake. Kinaonekana cha akili. Lakini wakati unatafuta uso, shingo yako imebaki wazi na mkono unazidi kuzama. Kitu cha kwanza ni kidevu. Kishushe kifuani na kigeuze kuelekea pembe ya kiwiko chake, kwa sababu pale kwenye pembe ndipo penye uwazi kidogo wa koo kupumua. Pandisha mabega kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi. Kisha mikono yako miwili, yote miwili, ishike ule mkono wake mmoja, na uning'inie. Ning'inia kama unavyoning'inia kwenye bomba la daladala dereva anapofunga breki: uzito wote, magoti yakilegea kidogo, makalio chini. Mikono miwili na uzito wa mwili dhidi ya mkono mmoja ni hesabu nzuri kwako. Hata usipoutoa, umejinunulia sekunde, na sekunde ndiyo sarafu pekee unayohitaji hapo.

Baada ya hapo geuka. Usivute kwenda mbele, maana ukivuta mbele unamsaidia kukaza. Geuza mwili uelekee kwake, huku bado umeshika, na mguu wako upite nyuma ya mguu wake. Hapo watoto wa uswahilini hawahitaji mwalimu: mtama. Sisi wote tulipigwa mtama na kupiga mtama uwanjani kabla ya kujua kuandika. Akiyumba, umetoka. Umetoka, kimbia. Usirudi kumpiga. Kumbuka wa pili na wa tatu.

Hapo ndipo watu huniuliza: na simu je? Simu imekwenda. Kazi ya kujinasua kwenye kabali ni kubaki na fahamu na shingo nzima. Ukitoka pale hujazimia, hujavunjwa koo, hujaangukia kisogo kwenye kingo za zege, umeshinda, hata kama unarudi nyumbani peku. Na nenda hospitali hata kama unajisikia mzima. Koo likibanwa linaweza kuvimba baada ya saa kadhaa. Sauti ikikwaruza, kumeza kukiuma, pumzi ikipiga filimbi, usilale ukisema nitaona asubuhi. Pitia kituo cha polisi upate PF3, ile fomu ya matibabu, ila pumzi ikiwa shida anza na hospitali, karatasi itafuata.

Ni rahisi kusema "achia simu" ukiwa na simu mbili na gari lenye vioo vya kupandisha. Namjua mama anayeuza vitenge Mbagala. Simu yake ni duka lake, ni benki yake, ni daftari la kikoba la wanawake ishirini. Ukimwambia aachie, unamwambia aachie maisha ya watu ishirini na moja. Ndiyo maana watu wanang'ang'ania, wanaburuzwa na bodaboda mkanda wa pochi ukiwa umewazunguka kifuani, wanachunwa ngozi kwenye lami. Sioni dawa ya hili kwenye dojo lolote. Dawa iko nyumbani kabla ya kutoka: daftari liwe na nakala sehemu nyingine, namba ya siri isiwe mwaka wa kuzaliwa, pesa ya maana isikae kwenye laini unayotembea nayo, na kuwe na noti mbili tatu kwenye mfuko wa nje ambazo uko tayari kuzitoa sadaka. Mtu aliyejipanga hivyo vidole vyake vinafunguka vyenyewe. Aliyebeba kila kitu, vidole havimsikii hata kama kichwa kinajua.

Barabarani, tembea upande ambao magari yanakuja usoni kwako, begi likae upande wa ukuta. Mkwapuaji wa pikipiki anategemea kutoonekana. Hakuna la zaidi la kusema hapo.

Kisu na panga nitavipitia kwa masikitiko, kwa sababu ndivyo vinavyouzwa zaidi. Mwaka 1983 askari mkufunzi wa Salt Lake City, Marekani, Dennis Tueller, aliandika kuhusu jaribio rahisi: mtu mwenye kisu akikimbia kutoka umbali wa futi 21, anachukua muda gani kukufikia? Jibu lilikuwa sekunde 1.5 hivi. Futi 21 ni mita sita na ushee, karibu urefu wa Coaster. Yaani mtu aliyesimama kwenye bampa ya nyuma ya Coaster, nawe uko kwenye bampa ya mbele, anakufikia kabla hujamaliza kusema jina lako na la baba yako. Na jaribio lile lilikuwa la askari wenye bastola. Wewe una kiganja. Kwa hiyo mwenye panga ukimwona mbali, mbinu ni miguu. Ukimwona karibu na anataka mali, mbinu ni kutupa. Tupa pochi upande mmoja, kimbia upande mwingine, umwachie achague. Kama huwezi kukimbia, weka kitu katikati: meza ya mama ntilie, bajaji, mkokoteni, chochote cha kumfanya azunguke. Anayekuonyesha kumnyang'anya mtu panga kwa mikono mitupu, mwambie ampe mwenzake kalamu ya wino mzito, amwambie achome na kuvuta haraka haraka bila huruma, kisha wahesabu mistari mwilini. Nimefanya zoezi hilo mara nyingi na watu wa mikanda myeusi. Shati huwa linaharibika.

Ngumi? Ngumi inavunja mkono wako kirahisi kuliko unavyodhani. Mifupa ya kiganja ni myembamba na fuvu la mtu ni gumu. Mabondia hufunga bendeji na glovu kwa sababu hiyo, na bado wanaumia. Kama ni lazima, kiganja wazi kwenye pua au kidevu, au kiwiko akiwa karibu. Lakini ukinibana nichague mahali pamoja pa kumpeleka kijana wa mtaani kwangu, nitamtuma kwenye jimu ya ngumi kabla ya dojo lenye mistari. Jiji hili lina jimu za ngumi kila kona ya Temeke na Kinondoni, nyingine ni gunia tu linalobembea chini ya mwembe. Mji uliomlea Rashid Matumla haujawahi kukosa mtu wa kukupiga kwa upendo. Kule watakufundisha kitu kimoja ambacho hakiuzwi kwenye video: kupigwa usoni na kuendelea kufikiri. Judo ni adimu zaidi huku bara. Zanzibar wana bahati, Mjapani Tsuyoshi Shimaoka amewafundisha vijana wa kule kwa miongo. Ukiipata judo, usiiache. Kanuni yangu ya kuchagua darasa ni moja, na inachukua dakika ishirini ya kukaa pembeni ukitazama: je, kuna wakati ambapo watu wawili wanashikana na kila mmoja anajitahidi kweli mwenzake asifanikiwe? Kama hakuna, lipa ada kwa ajili ya afya.

Nimesema mdomo. Watu wengi hudhani naongeza tu ili orodha itimie. Mimi nauweka juu ya yote.

Dar ina silaha ambayo miji mingi ya ulimwengu haina, nayo ni neno "mwizi". Ukilipaza Manzese saa kumi na mbili jioni, hutapata polisi kwanza. Utapata mikono mia, mawe, na mtu aliyeshika tairi. Wanaojua hilo zaidi ni vibaka wenyewe, na ndiyo maana hofu yao kubwa ni kelele. Lakini neno hilo ukishalifyatua halirudi. Niliwahi kuona pale Manzese kijana akikimbia, nyuma yake watu wanapiga yowe, akapigwa mtama, akaanza kushughulikiwa. Aliponusurika, kwa sababu ya mzee mmoja wa duka la nyundo na misumari aliyesimama juu yake na kukataa kuondoka, ilijulikana kwamba yeye ndiye aliyeibiwa. Alikuwa anamkimbiza mwizi. Mwizi alikuwa mbele, ametembea zake taratibu akaingia kwenye umati, na inawezekana naye alirusha jiwe.

Kwa mtu anayefundisha kujilinda, kisa hicho kina mambo mawili. La kwanza: katika umati wa Dar, anayekimbia na anayepiga ndio wanaoonekana wakosaji. Ukimwangusha kibaka chini na kukaa juu yake ukimtwanga, anayefika wakati huo haoni mwathirika. Anaona jitu linampiga mtu. La pili: maneno unayopaza yanaweza kukuokoa bila kumuua mtu kwa simu ya laki mbili. Mimi nafundisha watu kupaza sentensi fupi zinazoeleza: "Niachie! Simjui huyu!" Hiyo "simjui huyu" ina kazi kubwa, hasa kwa mwanamke, kwa sababu wapita njia wakiona mwanaume anamvuta mwanamke husema ni mambo ya mtu na mkewe, tusiyaingilie. Na usiuite umati, mwite mtu. "Kaka wa bajaji, nisaidie! Mama wa chapati, ananivuta!" Umati hauna masikio, kila mmoja anamsubiri mwenzake. Ukimwita mtu kwa kazi yake na kwa udugu, umemtoa kwenye umati, umemfanya ndugu yako mbele ya watu, na ni vigumu sana kwa Mswahili kuitwa kaka hadharani akageuza uso.

Sheria nayo inakaa hapahapa. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kuanzia kifungu cha 18 mpaka 18C, inakupa haki ya kujitetea, kumtetea mwingine na kutetea mali. Inakupa pia mpaka: nguvu iwe ile inayohitajika kwa utetezi huo. Ukizidisha, kosa ni lako; ukizidisha mpaka mtu akafa, ni kuua bila kukusudia. Teke la kwanza la kujinasua na teke la tano kwa mtu aliyelala, kwa mguu wako ni mguu uleule. Kwa hakimu ni mambo mawili tofauti. Nawashangaa walimu wanaomalizia kila mbinu kwa kumkanyaga kichwa aliyeanguka, kwa sababu darasani inapendeza. Mwili hujifunza unachorudia, na siku ya siku utakanyaga bila kuamua.

Kuna jambo ambalo sisi wanaume tunaofundisha tulilisahau kwa muda mrefu. Wanawake wanaokuja kwetu huwa tunawaandaa kwa mtu wa gizani, wakati anayewadhuru mara nyingi ni mtu wanayemjua: jirani, bosi, mpenzi, shemeji. Huyo humwanzi kwa kiwiko, na yeye haanzi kwa kabali. Anaanza kwa lifti, kwa mzaha, kwa mkono uliokaa begani sekunde mbili zaidi. Mwaka 2015 huko Kanada yalichapishwa matokeo ya utafiti kwa wanafunzi 893 wa kike wa mwaka wa kwanza katika vyuo vikuu vitatu. Kundi moja lilipata mafunzo ya saa 12, ambayo sehemu kubwa yalikuwa kutambua dalili mapema na kushinda ile haya ya kumkatalia mtu unayemfahamu, pamoja na mbinu chache za mwili. Ndani ya mwaka mmoja, waliobakwa katika kundi hilo walikuwa asilimia 5.2, katika kundi lililopewa vipeperushi tu, asilimia 9.8. Saa 12. Mimi nilitumia muda mrefu zaidi ya huo kujifunza kufunga mkanda upendeze.

Haya ya Kiswahili ni nzito kuliko ya Kanada, nadhani. Binti wa huku amelelewa kumwamkia mkubwa, kutomwinulia sauti, kutomwaibisha mtu mbele za watu. Kumwambia "Mjomba, toa mkono wako" kwa sauti ya sebule nzima kusikia ni zoezi gumu kuliko teke lolote la kuruka, na linahitaji kurudiwa kama teke: kwa sauti, mara hamsini, mbele ya watu wanaocheka. Tulipoanza kulifanya darasani kwetu, mabinti waliokuwa wanapasua mbao walishindwa kutoa sauti. Mmoja alilia. Mbinu ya kutoa kifundo cha mkono kilichoshikwa, ile ya kuvutia upande wa dole gumba kwa kuwa ndipo penye upenyo, waliishika kwa dakika kumi. Sentensi iliwachukua wiki tatu.

Jumamosi iliyopita nilimpeleka mpwa wangu, ana miaka kumi na sita, Coco Beach, mapema kabla mihogo haijaanza kukaangwa na watu kujaa. Aliniuliza, "Mjomba, lini tunajifunza teke?" Nikamwambia anikabe. Akanikaba kwa heshima, kama anayenivisha skafu. Nikamwambia akabe kweli. Mara ya nne alikaba kweli, na kwa muda mfupi nilisikia harufu ya majani ya Jangwani. Kidevu kilishuka chenyewe. Tulianguka wote kwenye mchanga, mimi juu, pumzi zikinitoka kama mzee niliyekaribia kuwa. Tukabadilishana, tukarudia mpaka jua lilipokuwa kali na shingo zetu zote mbili zikawa nyekundu. Teke sikumfundisha.

Tukapanda daladala kurudi. Alikaa dirishani, akatoa simu, akaishika nje nje kwenye kioo kilichofunguliwa, anatazama video ya mtu anayenyang'anya kisu kwa hatua tatu. Tulipofika kwenye mataa gari likasimama. Nikanyoosha mkono mbele yake, nikafunga kioo.